Chungu cha Mama Kashindi

Nilipokuwa mtoto, kabla sijaota hata kifua, nilipewa kazi ambayo hakuna mwanaume wa kijiji chetu aliyejua kwamba ipo. Nilibeba kibuyu cha maji nyuma ya wanawake walipokwenda kuzika mtoto mchanga. Kwetu Fizi, huko Kongo, mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno hakuzikwa na wanaume, hakulazwa kwenye makaburi ya ukoo, wala hakuimbiwa. Wanawake walimweka ndani ya chungu, wakakifunika kwa jani la mgomba, wakakishusha kwenye mchanga wenye majimaji kandokando ya mto. Mchanga baridi hulituliza tumbo la mama, walisema, ili mwingine apate njia ya kuja. Ukimzika kwenye udongo mkavu, tumbo nalo linakauka. Na wa kubeba kibuyu lazima awe msichana ambaye bado hajaona damu.

Wanaume waliambiwa tu: mtoto amerudi. Hawakuuliza amerudi wapi. Wanaume wa kwetu walikuwa hodari wa kuuliza mambo yote yasiyowahusu, lakini hilo hawakuuliza.

Nayaandika haya nikijua kwamba wanaume watasoma. Wasome. Jambo lenyewe limekwisha kusemwa mbele yao, kwanza na bibi yangu nikiwa mtoto, halafu na mimi mwenyewe hapa kambini Dzaleka, na sioni karatasi itaongeza nini. Hivyo ndivyo ninavyosema mchana. Jioni huwa sina hakika.

Aliyenifundisha kazi ile ni huyo bibi yangu, mama wa baba, tuliyemwita Koko. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kurudisha mbuzi kutoka shamba la mtu. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanawake pale mtoni. Yeye ndiye aliyechagua pa kuchimba, na maji yakimiminwa juu ya mchanga, yeye ndiye aliyenong'ona jina la mtoto. Siku ya kwanza alinishika sikio.

“Sikia, we mutoto. Mwanamuke akitaja huu muchanga mbele ya banaume, maji inadai. Inadai ndani ya nyumba yake, na haichukue mukubwa. Inachukua mudogo.”

Mimi nilikuwa mdogo. Unaweza kufikiri nililala vipi.

Mto wetu uliitwa Namukala. Ulishuka kutoka milimani ukaingia Ziwa Tanganyika chini ya kijiji, na mvua zikianza, kambale walitoka ziwani wakapanda kwenda kutaga. Mahali mto ulipojibana kati ya mawe, watu walijenga ua wa miti na matete kuyakata maji, wakaacha milango midogo, na kwenye kila mlango wakatega mgono, kile kikapu kirefu ambacho samaki akiingia hawezi kugeuka. Mwenye ua alikula mwaka mzima: samaki wabichi wakati wa mvua, wa moshi wakati wa kiangazi. Asiye na ua aliomba.

Ng'ambo ya kaskazini ilikuwa ya Mzee Alimasi, ya kusini ilikuwa ya babu yangu. Ua ulikuwa mmoja tu, nao waliujenga kwa zamu: mvua hii Alimasi, mvua ijayo babu. Walitukanana kila mwaka, lakini kwa adabu, kama wake wenza waliozoeana.

Kisha ikaja ile mvua kubwa ambayo ziwa lilipanda likala nyumba za pwani. Namukala ukaruka njia yake. Asubuhi tuliukuta unapita kusini zaidi, katikati ya mihogo ya babu, na njia yake ya zamani imebaki mchanga mtupu na madimbwi. Kambale waliokwama humo walikuwa wengi mpaka watoto waliwakamata kwa vikapu vya unga. Na kila mwenye macho aliona kwamba mvua ikirudi maji yatapita njia zote mbili, na samaki watapenda ile ya zamani, kwa kuwa ina mawe na kivuli.

Sasa njia ya zamani ni ya nani? Babu alisema, mto umekula mihogo yangu, basi nilipwe kwa mahali ulipotoka. Alimasi alisema, mpaka wetu ni mto, mto umehamia kusini wenyewe bila kusukumwa na mtu, basi kilicho kaskazini mwake ni changu. Ukimsikiliza babu, alikuwa na haki. Ukimsikiliza Alimasi, alikuwa na haki. Ndiyo maana kesi ile iliharibika tangu mwanzo. Kesi ya mwizi huisha. Kesi ya watu wawili wenye haki inaweza kuzaa wajukuu.

Ilikwenda kwa chifu, na majaji wa chifu, badala ya kukaa kwenye baraza lao, walishuka wakaketi kwenye mchanga wenyewe, kila mmoja na kiti chake. Watu wa Alimasi walikaa upande mmoja, sisi upande mwingine, wanawake nyuma. Mimi nilikaa kati ya Koko na mama yangu, ambaye alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana.

Sheria ya kwetu ilikuwa rahisi. Anayedai ardhi aonyeshe kilicho chake ndani yake: kaburi, mti alioupanda, mawe ya jiko la wazee wake. Lakini mtoni utaonyesha nini? Maji huosha kila kitu. Alimasi alikuwa na bahati. Gharika ilikuwa imefukua visiki vya ua wa zamani, naye akamleta kaka yake, mzee asiyeona vizuri, ambaye alipapasa visiki na kueleza mti gani alikata wapi na kwa nini aliuchonga upande mmoja. Majaji walitikisa vichwa kukubali. Babu alisimama akazungumza muda mrefu sana. Alimtaja baba yake, babu yake, njaa za zamani, mzungu aliyewahi kumpa kofia. Jaji mkubwa alianza kutazama jua.

Nilielewa, hata kwa akili ya kitoto. Mihogo imekwenda na maji. Ua nao ukienda, sisi ni watu wa kusimama mlangoni kwa wengine na sahani.

Ndipo Koko aliposimama. Hakuna aliyemwita.

“Bazee, munatafuta kitu chetu ndani ya huu muchanga? Muchimbe pale.”

“Pale wapi, mama?” aliuliza jaji.

“Chini ya lile jiwe lenye mushipa mweupe. Mutakuta chungu. Ndani ya chungu kuna mutoto wa nyumba yangu.”

Sikumbuki kelele yoyote. Nakumbuka kwamba wanawake wote, wa kwetu na wa kwa Alimasi, waliinamisha vichwa kwa pamoja, kama mtu amepitisha panga juu yao. Mama yangu aliweka mikono miwili juu ya tumbo.

Mimi lile jiwe nililijua. Kabla ya gharika nilikuwa nimesimama hapo hapo na kibuyu changu, nikamimina maji. Na mtoto aliyekuwa ndani ya kile chungu hakuwa wa nyumba yetu hata kidogo. Alikuwa wa Mama Kashindi, mke wa Mzee Alimasi. Msichana aliyeishi siku chache, mwenye nywele nyingi. Vyungu vya nyumba yetu vilizikwa chini zaidi, karibu na ziwa, na gharika ilikuwa imevibeba vyote. Koko alijua. Alikitaja kile ambacho alikuwa na hakika bado kipo.

Askari wa chifu alichimba. Hakuchimba sana. Chungu kilitoka kikiwa kizima, kinatoa maji pembeni. Jaji mkubwa alisogea, akafunua jani, akatazama. Akavua kofia.

“Rudisha,” alisema. “Rudisha haraka!”

Mzee Alimasi alikuwa amesimama karibu na shimo. Alitazama kile chungu, akageuka pembeni akatema mate, kama mtu anavyojikinga na maiti ya watu wengine. Hakujua. Alikuwa anatema mate kwa mtoto wake mwenyewe, na wanawake wote pale walijua; wasiojua walikuwa yeye na majaji na wanaume wengine wenye akili.

Nilimtafuta Mama Kashindi kwa macho. Alikuwa ameketi chini, mwanawe Kashindi, ambaye tulikuwa rika moja, amemwegemea begani. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kusema. Angesema “hicho ni changu,” mumewe angeshinda pale pale, ua ungekuwa wao, na Koko angeondoka na aibu mpaka leo. Lakini angelisema mbele ya wanaume. Na alikuwa na huyo mmoja, Kashindi, aliyemwegemea. Alifungua kitenge chake kiunoni, akakifunga upya, akakaza. Akanyamaza.

Tukashinda kesi.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, nilimshika Koko mkono. “Koko, si kile ni cha Mama Kashindi?”

“We uliona nini?”

“Mi mwenyewe njo nilimwaga maji.”

“Hukuona kitu.” Kisha, baada ya kutembea kidogo, bila kunitazama: “Mutoto wa Mama Kashindi alishakufa. Nyinyi muko bazima. Munakula nini?”

Nimeligeuza jibu hilo maisha yangu yote na bado sijapata pa kulishikia. Si jibu la mtu mbaya.

Mvua zikarudi, babu akajenga ua. Migono ilitoka imejaa mpaka matete yalipasuka. Lakini samaki wale hakuna mwanamke aliyewapika. Hawakufanya mkutano, hawakusema kitu. Mmoja jino lilimuuma, mwingine kuni zake mbichi, mama yangu alisema harufu inamsumbua kwa sababu ya mimba. Wanaume walioshinda kesi wakawa wanachoma kambale wenyewe, bila chumvi, wameungua nje, ndani wabichi, wanakula wakitazamana. Koko peke yake alipika, akala, akatulazimisha watoto tule. Nyama ilikuwa tamu. Nilikuwa naila huku nikisikiliza kama kuna kitu kinakuja.

Mama alijifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye kelele. Koko akamnyanyua mbele ya mlango kama anamwonyesha mtu. Nikafikiri, basi, maji yamesahau.

Halafu vita vikafika kwetu. Nasema vile vya kwanza, vya baada ya uhuru, ambapo waasi walinyunyiziwa maji ili risasi zigeuke maji mwilini. Sitavieleza. Waliovieleza ni wengi, na wengi wao hawakuwapo. Kijiji kizima, watu wa Alimasi na sisi, tulipanda milimani tukajificha msituni pamoja, kwa sababu askari hawaulizi nani alishinda kesi. Huko juu kuna baridi ambayo watu wa ziwani hatukuijua. Ndugu yangu mdogo alianza kukohoa. Alikohoa mpaka sauti ikaisha, akawa anafungua mdomo tu. Meno yalikuwa bado hayajatoka.

Alikufa asubuhi. Kulikuwa na kijito chini ya mahali tulipojificha, chenye mchanga mweusi. Koko akajifunga kitenge, akamchukua mtoto mikononi mwa mama, akaniambia nilete kibuyu. Ndipo Mama Kashindi aliposimama mbele yake. Tangu ile siku ya majaji hakuwa amemwambia Koko hata neno moja. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwake polepole, kama unavyomchukua aliyelala.

“We ubaki hapa na banaume,” alimwambia.

Hakupaza sauti. Wanawake wakamfuata kushuka kijitoni, mama yangu naye. Mimi nilisimama katikati na kibuyu. Nilimtazama Koko, nikatazama migongo ya wale wanawake, nikaenda nao. Mama Kashindi alichimba kwa mikono. Chungu hatukuwa nacho, akatumia sufuria yake, ile pekee aliyokimbia nayo, na tangu siku hiyo yeye na Kashindi walikula vitu vya kuchoma mpaka tuliposhuka. Akanong'ona jina. Akanitazama nimimine.

Mama yangu alizaa wengine baadaye, walio hai mpaka leo. Mama Kashindi alimzika yule kwenye mchanga baridi, kama inavyotakiwa. Angetaka kulipiza, udongo mkavu ulikuwa umejaa mlima mzima.

Koko tulimkuta ameketi pale pale, pamoja na babu na Alimasi na wanaume wengine waliokuwa wanavuta tumbaku. Aliishi muda kidogo baada ya hapo. Wanawake hawakumtenga, walimpa chakula, walimsalimia. Ila mtoto akifa, na walikufa, hawakumwita tena.

Ningeacha hapo kama vita vingekuwa vya mara moja. Lakini vilikuja vile vingine, nikiwa mtu mzima mwenye binti, vikatumwaga Kigoma, kisha Malawi, katika kambi hii ya Dzaleka ambayo wenyeji wanatuambia ilikuwa gereza. Nilikuja na binti yangu Neema na baba yangu mdogo Yohana, mtoto wa mwisho wa Koko, mzee wa kanisa mwenye kelele. Kashindi tulimkuta hapa, fundi wa nguo, na cherehani yake nje ya mlango. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki. Tulisalimiana kama watu wa kijiji kimoja.

Kisha redio zikaanza kusema habari za amani. Kila mtu kambini akaanza kujenga upya nyumba yake kichwani. Na watu wapya waliofika kutoka kwetu wakaleta habari: Namukala umerudi kwenye njia yake ya zamani. Hakuna mtu pale, kambale wamejaa, matete yamekua mpaka juu.

Kelele mngezisikia. Baba Mudogo Yohana alisema ua ni wetu, tulishinda kwa majaji. Kashindi alisema mto umerudi mahali pake, basi na kesi irudi mahali pake. Wakashitakiana kwa wazee wa kabila letu, waliokuwa wakiketi kwenye mabenchi ya kanisa. Vijana walikufa kwa kicheko. “Tunasimama mustari wa maharagi,” walisema, “na babu bawili banagombania samaki ya Kongo!” Mwendesha kabaza mmoja wa Kimalawi, mwenye baiskeli ya kubeba watu, alimwuliza Baba Mudogo kama anaweza kumpeleka kwenye huo mto, na atalipwa kwa kambale.

Wazee waliposhindwa, hao wawili wakaamua kwenda Lilongwe kutafuta mwanasheria. Walipanda minibasi moja, kwa sababu hakuna aliyemwamini mwenzake aende peke yake, na wakanichukua mimi kama shahidi wa mwisho aliye hai mbali na wao wenyewe. Walikula viazi vya Kashindi kutoka mfuko mmoja, wakitukanana njia nzima.

Kule City Centre, kijana mmoja wa sheria alikubali kutusikiliza, nadhani kwa udadisi. Akauliza mto uko wapi. Baba Mudogo akaeleza: unashuka mlimani, unapita kwenye mawe. Akauliza ni wilaya gani ya Malawi. Alipoelewa, alisema kwa heshima kwamba kwa sheria ya hapa mto si wa mtu, ni wa serikali, na kwamba mto wa Kongo haumo kwenye uwezo wake. Akasema pole. Akasema zikomo, yaani asante. Tukatoka.

“Huyu alisomea nini?” Baba Mudogo aliuliza barabarani. “Mto wa serikali! Serikali inakula kambale?”

Tulirudi kwa miguu mpaka kwenye daraja la mto Lilongwe. Chini wanawake walikuwa wanafua nguo. Wale wazee wawili waliegemea ukuta, wakaanza kubishana pale ua ungepaswa kukaa wapi kama mto ungekuwa wao. Baba Mudogo alipokwenda kununua maji, Kashindi alinisogelea. Hakunitazama, alitazama wale wanawake.

“Mama Neema, mi najua. Mama aliniambia mbele ya kufa. Kile chungu kilikuwa chetu.”

Nikahisi baridi ya ule mlima.

“Kama unajua, mbona unasumbua batu na kesi? Si ungesema?”

“Nikisema mi, ni maneno ya mwenye kesi. Mi sitaki ua, Mama Neema. Nani atarudi kule kutega migono, na haya magoti? Nataka mutu wa kwenu aseme. Mbele ya batu, vile koko yako alisema.”

“Unajua unaniomba nini?”

“Najua.” Ndipo aliponitazama. “Baba yangu alitema mate pale. Ulimwona?”

Nilisema nilimwona.

Neema wakati huo alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza. Sasa mnaelewa nilikuwa nimesimama wapi. Mimi nimesoma mpaka darasa la sita, nasali, najua kwamba ndugu yangu aliuawa na kikohozi na baridi na kukosa dawa, kama watoto wengine wengi wa mlima ule ambao bibi zao hawakutaja mchanga wowote. Nilijiambia hivyo. Halafu nikamtazama mwanangu akiinama kupuliza moto, na maneno yote hayo yakawa makapi.

Nilimweleza. Nilifikiri atanizuia, na ndilo nililotaka.

“Mama,” alisema, “asubuhi unasali, mangaribi unaogopa mto?”

“Siogopi mto. Naogopea wewe.”

Alifikiri, huku anageuza nsima, ugali wa huku, kwenye sufuria. “Na yule mama aliyenyamaza,” alisema, “yeye hakuwa na mutoto wa kuogopea?”

 Alikuwa naye, Kashindi, na huyo ndiye aliyekuwa ananisubiri.

Basi nikaenda. Wazee walikuwa kwenye mabenchi, wanaume watupu, na vijana wamesimama nyuma wakisubiri kucheka. Nilisema yote: mchanga, vyungu, kibuyu, jiwe lenye mshipa mweupe. Nikasema, mtoto aliyefukuliwa hakuwa wa nyumba yetu, alikuwa wa Mama Kashindi, na bibi yangu alijua, na mimi nilijua. Vijana hawakucheka.

Baba Mudogo alisimama. “Umeuza mto wetu! Umeuza mto wa baba yangu!”

“Mto gani nimeuza, Baba Mudogo?” nikamwambia. “Nenda ukauchote, tuuone.”

Mzee aliyekuwa anaongoza akamwambia Kashindi kwamba kesi ni yake, ua ni wake, aseme anachotaka. Kashindi alisimama, ameshika kofia yake. Hakutaja ua.

“Alikuwa na jina?” aliniuliza.

Nilifikiri nimemaliza, kumbe hata sijaanza. Jina lile Koko alilinong'ona kwa ajili ya maji tu, na mimi nililisikia kwa sababu kibuyu kilikuwa mikononi mwangu. Lilikuwa la ndani kabisa ya mambo yote yale. Nilitazama wanaume wale, mmoja baada ya mwingine. Kisha nikamtazama yeye peke yake.

“Sifa,” nikasema.

Akarudia, polepole, “Sifa.” Akavaa kofia, akaketi. Kesi ikaishia hapo. Hakurudi tena kwa wazee, wala hakurudi Fizi. Alikufa hapa Dzaleka akiwa fundi wa nguo.

Neema alijifungua mvua zilipoanza, mtoto wa kike, mzima. Watu wa kanisa walinicheka kwa upendo: umeona, mama, hakuna kitu. Nikasema ndiyo, hakuna kitu. Lakini mjukuu yule hakuwahi kushuka dimbwini kando ya kambi na wenzake, hata siku moja. Nilimchotea maji ya bomba mimi mwenyewe, nikamwogesha kwenye beseni mpaka akawa mkubwa wa kuona haya, na wenzake wakamwita mtoto wa beseni. Alipoota jino la kwanza nililia, mimi nisiyelia. Sasa ni mwanamke, naye ana mimba, na hesabu imeanza upya.

Koko alisema uongo ili tule. Mimi nilisema kweli ili mtu ampate dada yake. Nimejiuliza sana kama maji hutofautisha. Nimeipitia ile sheria neno kwa neno kama alivyoniambia akiwa amenishika sikio, na haisemi kitu juu ya uongo wala juu ya kweli. Inasema kutaja, basi. Wengine wananiambia Namukala ni mbali, kuna ziwa zima katikati na Tanzania nzima, mto wa Fizi utaijuaje nyumba ya Dzaleka. Nawatazama tu. Kesi ya wazee wawili iliipata njia hiyo yote, ikavuka, ikafika, ikaketi kwenye mabenchi yetu. Na kesi haina hata miguu ya maji.